Bonané hutukuta katikati ya mavuno

Wiki ya mwisho ya Desemba, kuelekea Bonané, sikukuu yetu ya mwaka mpya, mafundi cherehani wa Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, hawalali. Pita pale saa tatu usiku uwaone: wameinama juu ya mashine za kukanyaga, simu imefungwa kwa mpira kwenye shingo ya mashine ili tochi yake imulike sindano, maana umeme umekwenda tangu jioni. Nje ya kibanda wamama watatu wamekalia bidoni, yaani madumu ya plastiki, wanasubiri gauni lililoahidiwa juzi. Mmoja amekuja na mtoto mwenyewe, kalala mgongoni, ili fundi asipate kisingizio cha vipimo. Bonané bila nguo mpya, kwa mtoto wa Bukavu, ni Jumatatu tu.

Bonané naipenda, niseme mapema. Napenda mkesha wa kanisani, mhubiri anapoanza kuibia saa jicho kuanzia saa tano na nusu. Napenda sufuria zinavyogongwa na motari, waendesha pikipiki, wanavyopiga honi kuanzia Nyawera hadi Essence ikifika saa sita. Napenda harufu ya wali asubuhi, na mbuzi aliyeanza kuchemka tangu jana. Halafu watoto: wanazunguka mlango kwa mlango kwa makundi, mkono mbele, "Bonané yangu iko wapi?", na hawaondoki mpaka utoe biskuti, pipi au noti ya faranga 500. Wakubwa nao ni walewale. Mlinzi, mchota maji, binamu uliyemwona mara ya mwisho Pasaka, wote wana Bonané yao kwako.

Ila mtoto asiyeshonewa hatoki. Ukiuliza, mama yake atakwambia ana homa. Aliyeishi muda mrefu kwenye ua mmoja na familia nyingine anaijua hiyo homa. Inaanza alfajiri ya tarehe 1, haina dawa, na tarehe 3, watoto wote wakisharudia kaptula zao za kila siku, imekwisha. Hakuna anayecheka. Jirani mwenye busara hutuma sahani ya wali imefunikwa na haulizi hali ya mgonjwa.

Homa hiyo ndiyo inayonijia kichwani kila ninaposikia watu wakizungumzia mwaka mpya na mizizi ya utamaduni wetu. Mazungumzo hayo mara nyingi huishia kwenye ngoma, mavazi na nani alitutawala. Mimi nataka kuuliza jambo la chini zaidi. Tarehe 1 Januari, hapa kwetu Kivu ya Kusini, kinaanza nini?

Mvua haianzi. Ilikwisha kuanza Septemba na itatunyeshea hadi Mei. Mwaka wa shule hauanzi. Nao ulifunguliwa Septemba, na mzazi mwenye watoto wa sekondari anadaiwa minervali, karo ya shule, tangu siku hiyo (shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, angalau kwa maandishi). Shamba ndilo kabisa. Maharage yaliyoingia udongoni katikati ya Septemba yanang'olewa kuanzia mwisho wa Desemba, Januari yote. Wataalamu wa kilimo wanauita msimu A. Ukipanda gari la kwenda Walungu, mashambani, asubuhi ya Bonané utawaona watu mabondeni wameinama, majani ya maharage yamekuwa ya manjano, na mafungu yaliyong'olewa yamewekwa mizizi juu yakauke. Wanavuna. Mwaka wao ulianza kale, na huku mjini tunapigiana simu kutakiana mwanzo mwema.

Tarehe hii ilizaliwa ofisini. Warumi wa kale walikuwa wakihesabu mwaka wao kuanzia Machi, majira ya baridi yanapokwisha kwao na majeshi yanapoweza kutoka. Mwaka 153 kabla ya Kristo wakaamua kwamba makonsuli, wale viongozi wawili waliokuwa wakichaguliwa kila mwaka, waingie madarakani tarehe 1 Januari, kwa sababu kulikuwa na vita Hispania na kiongozi alitakiwa awahi. Zaidi ya karne moja baadaye Julius Caesar akatengeneza kalenda upya, iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, na Januari ikabaki mlangoni. Hata Wazungu wenyewe hawakuipokea kwa pamoja: Uingereza iliendelea kuanza mwaka wake tarehe 25 Machi mpaka 1752.

Kwetu ilikuja pamoja na misheni, posta na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Costermansville kuanzia 1927 hadi 1954, ulikuwa mji wa makarani na mashamba ya wazungu, na karani anahitaji mwaka unaofungwa siku moja na hesabu zake. Sina ugomvi na hilo. Bajeti lazima ifungwe, kadi ya mpiga kura lazima iwe na tarehe. Kinachonishangaza ni kwamba tumeitwika siku ya karani mzigo ambao haikuumbiwa kuubeba. Tunaitaka itupe baraka, ifute ya zamani, iunganishe ukoo, ishibishe watoto. Siku ya watu haiwezi kutengenezwa kwa amri ya ofisi peke yake, hata ikipewa miaka elfu mbili.

Waliokataa kuachana na majira bado wapo, na wengine ni majirani wa karibu. Waethiopia wanaanza mwaka tarehe 11 Septemba, siku ya kwanza ya mwezi wao wa Meskerem (12 Septemba ikiwa Februari ya mwaka wetu unaofuata itakuwa na siku 29). Sikukuu inaitwa Enkutatash. Kwenye milima yao mvua kubwa ya Juni hadi Septemba inakuwa inaisha, mbuga zinajaa maua ya manjano yanayoitwa adey abeba, na wasichana wanazunguka nyumba hadi nyumba wakiimba na kugawa maua, nao wanapewa chochote. Watoto wetu wa Bonané wangeelewana nao bila mkalimani. Mwezi huohuo wa Septemba, kwetu, ndipo mvua inaanza. Wao wanafungua mwaka kwa kukauka, sisi tungeufungua kwa kulowa, na wote wawili tungekuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja angekuwa anasoma mlima wake.

Wairani na majirani zao wana Nowruz, mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi. Wathai wana Songkran katikati ya Aprili, joto linapokuwa kali kuliko wakati wowote, na watu wanamwagiana maji barabarani. Wachina wanaufuata mwezi, hivyo mwaka wao mpya hutangatanga kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari.

Lakini inayonivuta zaidi ni ya Waswahili wenyewe, kule Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kila Julai wana Mwaka Kogwa. Hesabu yake inaitwa Nairuzi, ndugu wa Nowruz ya Wairani, iliyovuka bahari pamoja na wafanyabiashara: siku 365 kamili, hazigawiwi hata siku moja ya ziada, kwa hiyo polepole sikukuu inarudi nyuma dhidi ya kalenda ya ukutani. Ndani ya hesabu hiyo siku zimepangwa kumi kumi, kila kumi ni mwongo, na wavuvi, manahodha na wakulima waliitumia kujua lini pepo zinageuka na lini jembe litoke. Yaani hawakuwa wanaitunza kwa ajili ya watalii. Ilikuwa chombo cha kazi.

Siku yenyewe wanaume wa upande mmoja wa mji wanapambana na wa upande mwingine kwa mashina ya migomba. Wanapigana kweli, na kila mwenye dukuduku la mwaka mzima analimaliza hapo, kisha basi. Kinajengwa kibanda cha makuti, kinachomwa moto. Wanawake wamevaa kanga mpya, wanaimba nyimbo za kuchomana. Watu wanakwenda kuoga baharini. Na kuna desturi moja ambayo ningeiba leo hii kama ningeweza: siku hiyo nyumba isiyo na mgeni haina raha. Mwenye nyumba anatafuta mtu wa kula naye. Mgeni ndiye anayemfaa mwenyeji. Linganisha na mtoto wetu mwenye homa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Bashi, watu wa Bushi, upande huu wa Bukavu, tuna Mubande. Ni sherehe ya mwaka ya falme zetu, Kabare na Ngweshe, na ndani yake mna mtama, mna mwami, yaani mfalme, na mna bajinji, wazee wa ibada za ufalme ambao ndio wanajua nini kitangulie na nini kifuate. Mambo mengi yao hufanyika mbali na macho, na yabaki huko. Ng'ambo ya maji ya Ziwa Kivu, kisiwani Idjwi, Wahavu wana Muganuro, wenye mtama na ulezi, na pale kila ukoo una kazi yake isiyoweza kufanywa na ukoo mwingine. Mwami hawezi kuiendesha peke yake hata akitaka. Ukivuka mto Ruzizi, Rwanda walikuwa na Umuganura, mtama na ulezi ukibebwa kutoka Bumbogo mpaka ikulu, na familia maalumu imekabidhiwa kazi hiyo kizazi hadi kizazi. Burundi walikuwa na Umuganuro, mwezi wa Desemba, ukifungua kupanda mtama, na ngoma ya kifalme Karyenda ikatoka.

Tazama jinsi majina yanavyofanana kuzunguka ziwa hili na chini yake, mipaka ya wakoloni haikuyagusa.

Mkoloni aliyaelewa mapema kuliko tunavyomdhania. Mwaka 1925 Wabelgiji walimkamata Gashamura, mkuu wa ibada ile ya Rwanda, wakampeleka uhamishoni Burundi, na Umuganura wa ikulu ukafa naye. Burundi, mwishoni mwa miaka ya 1920, sherehe yao nayo ikakatazwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ushenzi. Sababu ninayoiona mimi ni nyepesi kuliko hiyo: mtu ambaye neno lake ndilo linaruhusu mbegu kuingia udongoni anatawala bila bunduki na bila barua. Msimamizi wa wilaya hawezi kukaa kwenye mlima mmoja na mtu wa namna hiyo.

Huku Bushi mambo yalikwenda taratibu zaidi, kupitia ardhi. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa mamlaka ya kugawia walowezi ardhi, na milima mizuri ikawa ya kahawa, chai na kwinini. Mtama unataka nafasi. Muhogo hauna masharti: unapanda kwenye mteremko uliochoka, unauacha, unarudi ukipata nafasi. Leo bugali wa Bukavu ni wa muhogo au mahindi, na mtama umebaki kwa uji na pombe. Ni vigumu sherehe ya nafaka kubaki na nguvu ilhali nafaka yenyewe imehama sahani.

Yote haya niliyasoma na kuyasikia kwa watu wazima, lakini niliyaelewa kwa shangazi yangu wa upande wa Walungu, ambaye hazungumzi kamwe juu ya utamaduni. Anazungumza juu ya maharage.

Nilimkuta uani amekunja miguu, mbele yake kitambaa kikuukuu kimejaa maharage yaliyopurwa asubuhi. Alikuwa anachambua. Rangi zote zimechanganyika: mekundu, ya njano, yenye madoa kama yai la kware, meusi machache. Kila punje inayopita chini ya kidole gumba chake inapata hukumu. Iliyotobolewa na mdudu huku, iliyosinyaa huku, ya kula huku, na zile kubwa ngumu zinazong'aa anazitupa kwenye bakuli bila kuzitazama mara mbili. Hizo ni mbegu. Baadaye akachota majivu makavu ya jikoni, yaliyochekechwa, akayachanganya na mbegu kwa mikono mpaka zote zikawa kijivu, akazimimina kwenye bidoni ya manjano ya mafuta iliyooshwa na kukaushwa, akakaza mfuniko na kuuzungushia mpira wa baiskeli. Majivu kwa ajili ya fukusi. Mfuniko ili wasipate hewa. Zamani, anasema, kilikuwa kibuyu juu ya dari la jikoni, moshi ukikipitia mwaka mzima.

Nikamuuliza kama alikuwa amekwisha kupika maharage mapya. Akacheka.

"Sasa nikule mbele ya kutoa mbegu? Kama uko na haraka ya kula, utakula mpaka mbegu."

Halafu, akiendelea kuchambua, akanieleza walivyofanya alipokuwa msichana kwa baba yake. Maharage mapya hayakupikwa nyumba moja moja. Kilima chote kilingoja. Shamba la bondeni lilikuwa linaiva mapema, la juu likichelewa, na mwenye la bondeni alingoja hata kama watoto wake wanalilia chungu. Kila nyumba kwanza itenge mbegu. Kisha siku moja inatajwa, mzee wa familia anaonja, na jioni hiyo moshi unatoka kwenye kila paa. Mjane mwenye shamba la juu kabisa, ambalo hata halijakauka, anapelekewa.

"Sasa je?" nikamuuliza.

"Sasa kila mutu anakula siku yake. Halafu Septemba sisi wote tunakuja kuomba mbegu kwa mutu moja."

Mtu huyo mmoja ni yeye. Na kama hayupo, ni mfanyabiashara wa soko la Mugogo, ambaye Januari alinunua maharage hayohayo kwa bei ya mavuno na Septemba anakuuzia kwa bei ya mvua.

Hapo ndipo jambo lote lilipo, kwa maoni yangu. Tunaposema sherehe za majira zilikuwa za kumshukuru Mungu na wahenga, tunasema kweli, lakini tunaruka ile sehemu inayouma: zilikuwa za kungoja. Sherehe ilikuwa siku moja, kungoja kulikuwa wiki nyingi. Mwenye nacho alifungwa mkono kwa muda ili asiye nacho amfikie. Mbegu ilitoka kabla ya chakula. Mwami, bajinji, ngoma na ng'ombe walikuwepo ili kungoja huko kuwe na uzito, kwa sababu tumbo la mwanadamu halitii ushauri mtupu. Bonané ya mjini haikuombi ungoje mtu. Kila nyumba inakula kwa mfuko wake saa ileile, mbele ya macho ya wengine, na asiye na mfuko anaumwa.

Wachungaji wetu wanajua jambo hili kuliko wanavyokiri. Wengi wao watakwambia Mubande ni mambo ya giza, Mkristo asikaribie. Sawa. Lakini fungua Mambo ya Walawi sura ya 23 usome kuanzia mstari wa 10: mganda wa kwanza unapelekwa kwa kuhani, na mstari wa 14 unawakataza watu kula mkate, bisi au masuke mabichi mpaka siku ileile ya sadaka. Kilima chote kinangoja! Bibi yangu asingeona kigeni chochote hapo zaidi ya jina la nafaka. Na makanisa haya haya yana sadaka ya malimbuko. Kwa wengine imegeuka kuwa mshahara wako wa kwanza wa Januari ndani ya bahasha, wote, na jina lako juu yake. Malimbuko ya Walawi yalimzuia tajiri asile kabla ya maskini. Hiyo ya bahasha sioni inamzuia nani.

Hata hivyo parokia za vijijini nyingi zina siku ya mavuno, watu wakipanda altareni na vikapu vya viazi, ndizi, maharage, kuku aliyefungwa miguu akilalamika katikati ya wimbo. Vikapu hivyo baadaye vinagawiwa wagonjwa na wazee. Nikitakiwa kuonyesha mahali ambapo Mubande wa wanyonge bado unaishi, ningeonyesha hapo kabla ya kuonyesha jukwaa lolote la utamaduni.

Majukwaa hayo nimeyachoka, niseme tu. Unaitwa kwenye siku ya utamaduni, unakuta viti vya plastiki vya wakubwa chini ya hema, wasichana wamevaa majani juu ya suruali za kubana, ngoma dakika kumi, hotuba dakika arobaini, na mwisho soda kwa wenye kadi. Chakula hakimfikii aliyekuja bila kadi. Sherehe ya mavuno ambayo watu wanarudi nayo nyumbani na njaa ni kitu gani? Rwanda wamejaribu njia nyingine: Umuganura leo ni sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na watoto wanapewa maziwa na vyakula vya asili mbele ya kila mtu. Inanuka serikali kidogo, ndiyo, na kuna hotuba za takwimu. Lakini mtoto anakunywa. Na Agosti ni baada ya mtama kuvunwa, kwa hiyo tarehe angalau inajua shamba liko wapi.

Kuna wanaoniambia haya ni mambo ya watu wenye amani. Labda. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari 2025, na wanaokumbuka siku zile wanakumbuka milio, maduka yaliyovunjwa, benki zilizofungwa. Watu wa mashamba wanakumbuka pia kwamba Februari ndio mwezi wa kupanda msimu B. Maharage ya msimu A yalikuwa bado mapya ndani ya nyumba, na waliokimbia waliyaacha, na waliobaki waliyala kwa sababu hakukuwa na pesa ya kutoa benki wala soko la kuaminika. Msimu wa pili ulipandwa nusu nusu. Mbegu ndiyo iliyokosekana. Shangazi alikuwa na bidoni yake chini ya kitanda, kaifunika kwa magunia, na ndiyo iliyopanda vilima vya majirani kadhaa mwaka ule. Vita havikuifanya desturi ya mbegu kuwa anasa. Vilionyesha ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo nimeanza kuwasumbua ndugu zangu. Nimependekeza kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba tuwe na siku yetu, mbali na Bonané, bila kuifuta Bonané. Siku ya maharage mapya. Tukutane kwa shangazi, mbegu zitengwe kwanza, tule pamoja, na asiye na shamba asione haya.

Wameipokea kwa namna ya ukoo wetu, yaani kila mmoja amekubali na kuweka kipingamizi. Binamu aliye Lubumbashi anataka tarehe. Yeye yuko kazini, ruhusa inaombwa mwezi mmoja kabla, na tiketi ya ndege hainunuliwi kwa kutazama majani ya maharage. Shangazi amekataa tarehe. Anasema ni siku maharage ya shamba la juu yatakapokauka, na kama binamu anataka kujua, apige simu kila Jumapili aulize mvua imenyesha vipi. Binamu ameandika kwamba hiyo si mipango. Shangazi, ambaye hajui kuandika ujumbe, alimjibu kwa sauti kupitia simu ya mjukuu wake: "Na wewe ulizaliwa kwa tarehe yenye mama yako alichagua?"

Sharti lake la pili ni kwamba asije mtu na pesa. Kila mmoja alete konzi ya mbegu, na ajue imetoka wapi. Wa mjini watanunua Mugogo, sawa, lakini wamuulize muuzaji ni aina gani, inapanda juu ya mti au inatambaa, inaiva baada ya siku ngapi. Dada yangu wa Ibanda, mwenye duka la vipodozi, amekwisha kuniuliza faraghani kama mchele unahesabiwa.

Baba mdogo, ambaye ni shemasi, anataka sala itangulie, na hilo limepita bila mgogoro. Mgogoro ni nani ataonja kwanza. Anasema ni yeye, maana ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki katika nyumba ya babu. Shangazi anamuuliza jembe lake liko wapi. Baba mdogo amejibu kwamba mila ni mila. Shangazi amesema basi aje Septemba alime, halafu Januari wataongea mila. Mpaka naandika haya hawajaelewana, na kila mmoja amenipigia simu pembeni kuniambia nimshauri mwenzake.